Majina Yasomwe kwa Sauti

Leo naleta habari za mbolea, na najua kuna mtu pale Mwananyamala ameshanyoosha mkono abadilishe stesheni. Subiri kwanza. Unasema mbolea ni mambo ya Songea na Sumbawanga, wewe hata mche wa mchicha uani huna. Lakini gunia la mahindi lililoshushwa Tandale alfajiri ya leo limetoka huko huko, na huenda yaliyomo yamekuzwa kwa mbolea uliyoichangia wewe. Umeichangia ulipolipa kodi kwenye mafuta ya bodaboda, kwenye vocha ya simu, kwenye sabuni, na kwenye bia kwa wale wa bia. Serikali imezichukua fedha hizo ikamlipia mkulima sehemu ya bei ya mfuko. Hiyo ndiyo ruzuku. Swali langu ni fupi: aliyelipiwa ni nani?

Usiniambie ni swali la uchokozi. Sisi watu wa mjini hapa tunachangishana harusi kila wiki, na kwenye kikao katibu anafungua daftari na kusoma: fulani katoa laki, fulani kaahidi, fulani bado. Asiposoma, watu wananuna, na kikao kijacho hawaji. Hakuna anayesema katibu anatukanwa. Sasa kwa fedha za pilau tunadai daftari lisomwe, kwa mabilioni ya mbolea tunanyamaza.

Tuanze mbali kidogo. Ruzuku ya mbolea si jambo geni nchini. Ilikuwepo, ikapunguzwa mwaka hadi mwaka miaka ya mwanzo ya 1990 wakati wa mageuzi ya uchumi, na kufikia msimu wa 1994/95 ilikuwa imekwisha kabisa. Ikarudi 2003/04 kwa mlango mwingine: serikali ikalipia usafiri wa mbolea kwenda mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Hapo mnufaika hakuwa na jina, kwa sababu kilicholipiwa kilikuwa safari ya lori. Kama bei kule kijijini ilishuka kweli, au nafuu ilibaki mfukoni mwa msafirishaji, mkulima hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba na yeye alihesabiwa.

Halafu zikaja vocha. Wakulima wa rika langu wakisikia neno hilo, wengine wanacheka, wengine wanasonya. Mwaka 2008 bei za vyakula na mbolea zilipaa duniani kote, na serikali ikaanzisha mpango wa taifa wa vocha za pembejeo, Benki ya Dunia ikaongezea mkopo. Mkulima alipewa vocha za kutosha ekari moja: moja ya mbegu bora ya mahindi au mpunga, moja ya mbolea ya kupandia, yaani DAP au ya Minjingu, na moja ya kukuzia, urea. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei, nusu nyingine akatoe mwenyewe. Akazipeleka kwa wakala wa pembejeo, wakala akazipeleka benki ya NMB akalipwa. Kati ya 2008 na 2013 mpango huo ulitumia kama dola milioni 300 za Marekani na kuwafikia wakulima wapatao milioni mbili na nusu.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa na macho mengi. Kila kijiji kilitakiwa kichague kamati ya vocha ya watu sita, wanawake watatu na wanaume watatu. Kamati inapendekeza majina, Mkutano Mkuu wa Kijiji unayapitisha. Anayestahili ni mkazi wa kijiji, anayelima isiyozidi hekta moja ya mahindi au mpunga, na kaya zinazoongozwa na wanawake zitangulie. Nani angepinga?

Sasa sikiliza kilichotokea. Mwaka 2012 watafiti wawili, Lin Pan na Luc Christiaensen, walichapisha uchunguzi walioufanya mkoani Kilimanjaro. Walikuta kwamba asilimia kama 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwa viongozi waliochaguliwa wa vijiji. Sitini kwa mia! Na hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye vijiji vilivyo mbali na vile ambavyo tofauti kati ya mwenye nacho na asiye nacho ni kubwa. Na hii ni Kilimanjaro, msikilizaji, watu waliosoma, wanaojua kuandika barua kwa mkuu wa wilaya.

Nisiwaonee viongozi wa vijiji. Ile nusu ya pili ya bei ilikuwa mtihani. Mama mwenye ekari moja na watoto wanne, ukimpa vocha mwezi wa kumi na moja, hana pa kuitoa hela ya kuongezea. Mwenyekiti anayo. Kamati ikisema tumpe anayeweza kulipia, haijasema uongo. Wapo wakulima waliouza vocha zao kwa wakala kwa fedha kidogo, wakala akaenda kuchukua thamani yote benki, na mbolea haikutoka dukani. Wapo waliosainishwa bila kupokea kitu. Baadaye mawakala nao walikaa miaka wakiidai serikali fedha zao, na serikali ikajibu kwamba lazima ihakiki kwanza, maana imekuta madai ya uongo ndani yake. Kwa hiyo mwaminifu akasubiri na mwizi foleni moja.

Mimi nadhani ubovu ulikuwa kwenye ule mkutano wa kijiji. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu ukae kila baada ya miezi mitatu. Hapa sote tunajua habari zake. Unaitishwa siku ya gulio, wanahudhuria wachache, mtendaji anasoma majina harakaharaka kama anayekimbizwa, muhtasari unaandikwa kwamba wananchi wameridhia. Orodha haibandikwi. Au inabandikwa ndani ya ofisi ambayo ufunguo wake anao mtendaji, na mtendaji yuko wilayani.

Mpango mwingine ulijaribu njia hiyo hiyo, na matokeo yake yana funzo. Ni ule wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii: kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini majina ya kaya yalipendekezwa na jamii na kusomwa mkutanoni, kijijini na hata kwenye mitaa yetu ya Dar es Salaam. Hata hivyo mwaka 2016, ule mwaka serikali ilipowasaka watumishi hewa, uhakiki uliziondoa zaidi ya kaya 55,000 ambazo hazikustahili: wasio maskini, waliohama, waliokufa, na viongozi walewale. Mtu anaweza kuniambia: unaona, kusomwa hadharani hakukusaidia. Mimi nauliza, ziliondolewaje? Kaya hizo zilikuwa na majina, na majina yalikuwa ya mahali watu wanapojuana. Mhakiki alipofika aliuliza, huyu mzee fulani yuko wapi, akaambiwa alizikwa mwaka juzi. Kompyuta ya Dodoma isingelijua hilo.

Twende kwenye mfumo wa sasa, ndio unaotuhusu. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilikuwa imepanda tangu enzi za korona, vita vya Ukraine vikaimalizia. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ulivuka shilingi 130,000, urea ikavuka 120,000. Sikukuu ya Nane Nane mwaka huo, Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ruzuku, bajeti yake shilingi bilioni 150, na DAP na urea zikauzwa 70,000. Wengi walipumua. Mkulima akajiandikishe kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, aseme ana ekari ngapi na analima nini, apewe namba, aende nayo kwa wakala. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, ikasimamia mfumo huo wa kidijitali. Msimu wa kwanza ulikuwa na foleni ndefu, watu wakafuata mbolea mbali, lakini mbolea ilifika kwa wengi ambao enzi za vocha wasingeiona. Nampa haki yake aliyeubuni.

Ila tazama kilichobadilika. Enzi za vocha swali lilikuwa nani aingie kwenye orodha, kwa kuwa nafasi zilikuwa chache. Sasa mlango uko wazi kwa kila mkulima aliyejiandikisha, na kiasi kinafuata ukubwa wa shamba. Piga hesabu nami. Mwenye ekari moja akichukua DAP mfuko mmoja na urea mfuko mmoja, kwa bei za 2022 serikali ilimlipia kama shilingi 115,000. Mwenye ekari mia akichukua kwa kipimo hicho hicho, amelipiwa milioni kumi na moja na nusu. Hajaiba. Ametumia utaratibu uliowekwa. Lakini mimi mlipakodi wa Kinondoni ninayo haki ya kujua fedha hizo zimegawanyikaje: wenye ekari moja wamepata kiasi gani, wenye ekari mia wamepata kiasi gani, na hao wenye ekari mia ni akina nani.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Shilingi ya ruzuku haipiti mkononi mwa mkulima hata kidogo. Yeye anaona bei imeshuka, basi. Ile tofauti serikali inailipa kampuni ya mbolea. Maana yake mpokeaji wa fedha, kwa hesabu za Hazina, ni kampuni, na kampuni hizo hazijai hata basi la mwendokasi. Kwa hiyo unapouliza nani amepokea ruzuku kuna majibu mawili, na yote mawili tunayahitaji. La kwanza ni mkulima: mifuko mingapi, kwa shamba lipi. La pili ni kampuni: imelipwa shilingi ngapi, kwa tani ngapi, kwa bei gani ya tani. Ukilinganisha mifuko iliyolipiwa kwa kampuni na mifuko iliyopokelewa kijijini, hesabu zikipishana unajua pa kuanzia kuuliza. Ukiwa na upande mmoja tu, huna kitu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, tena la kidijitali, lenye namba ya kila mkulima. Kinachokosekana ni kulifungua mbele ya wenye mali.

Hapo ndipo linakuja suala la siri za watu, nami sitaki kulirukia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtu ana haki ya kutotangazwa ovyo. Fikiria bibi wa Namtumbo, ukimweka jina lake, kijiji chake na namba yake ya simu kwenye intaneti, kesho atapigiwa na wale wa "tuma kwenye namba hii". Hilo silitaki.

Wenzetu wa Ulaya wamepigana vita hii mahakamani. Umoja wa Ulaya hutoa ruzuku kubwa mno kwa wakulima, na kwa miaka mingi waliopokea walikuwa siri. Uingereza majina yalipofunguliwa mwaka 2005, watu wakakuta Malkia mwenyewe yumo, kwa ajili ya mashamba yake. Umoja wote ukaamua kutangaza. Ndipo wakulima wa jimbo la Hessen, Ujerumani, wakaenda mahakamani wakisema mambo yao yanaanikwa. Novemba 2010 Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikatoa uamuzi: kuanika kila mtu binafsi bila kuangalia amepata kiasi gani ni kupita kiasi, lakini kwa makampuni hakuna tatizo. Mwaka 2013 wakatunga kanuni mpya. Wanaopata fedha ndogo, kiwango chao kikiwekwa kwenye euro 1,250, majina hayatangazwi. Juu ya hapo, jina linatoka.

Marekani nako majina yalifunguliwa. Shirika moja la mazingira, Environmental Working Group, lilidai takwimu za serikali kwa sheria yao ya taarifa na kuziweka wazi mwaka 2001, jina kwa jina. Mle ndani, pembeni ya wakulima wa kweli wa ngano na soya, wakakutwa Ted Turner, tajiri wa televisheni, na Scottie Pippen, yule mcheza kikapu wa Chicago Bulls. Sheria ilikuwa inawaruhusu. Lakini mwananchi alipoona majina alianza kuuliza sheria yenyewe ilitungwa kwa ajili ya nani, na hilo ni swali ambalo jumla ya fedha peke yake isingelizaa.

Jirani zetu Kenya nao wana yao. Mwaka 2018 wakulima wa mahindi wa Bonde la Ufa walikaa miezi wakisubiri malipo kutoka bodi ya nafaka ya serikali, huku ikibainika kwamba wafanyabiashara wachache, wasio wakulima, wameshalipwa fedha nyingi kwa mahindi waliyoyapeleka maghalani. Mkurugenzi wa bodi akajiuzulu Mei mwaka huo. Mkulima wa Eldoret aliujua ukweli mapema kuliko Nairobi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyaona malori yakipita mbele ya trekta lake lililokwama kwenye foleni.

Nasi tulipata somo letu mwaka huo huo, kwenye korosho. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliamua serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia na malori Mtwara na Lindi. Fedha ziliingia moja kwa moja kwenye akaunti za wakulima, jambo jema. Lakini serikali iliogopa kangomba, wale wanaonunua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa wakati wa njaa na kuziuza kama zao. Ikaamuru anayedai malipo ya zaidi ya kilo 1,500 ahakikiwe, aonyeshe shamba. Kusudi lilikuwa halali. Ila uhakiki ulifanywa korosho zikiwa ghalani tayari na ada za shule zikidaiwa, na mkulima mwenye mikorosho ya babu yake alisubiri pamoja na mlanguzi. Kama orodha ya mashamba ingekuwa imesomwa kijijini kabla ya msimu, majirani wakasema huyu ana miti mia na huyu hana hata mmoja, kazi hiyo ingekwisha kabla ya ua kutoka. Kuhakiki baada ya mavuno ni ghali, na anayelipa gharama ni mnyonge.

Basi nitoe rai yangu nayo ni hii. Fedha ndogo, jina lisomwe karibu. Fedha kubwa, jina liende mbali. Mwenye mifuko miwili asomwe kwenye mkutano wa kijiji chake na kubandikwa ubaoni kwao, jina na idadi ya mifuko, bila simu wala namba ya kitambulisho. Pale hakuna siri mpya inayofichuka, majirani waliuona mfuko ukiteremshwa kwenye baiskeli. Mwenye ruzuku ya mamilioni atangazwe kiwilaya na kitaifa. Na kampuni iliyolipwa mabilioni itangazwe gazetini na kwenye tovuti ya wizara, tani na bei, kila msimu. Kikomo kiwe wapi? Wataalamu na wabunge wagombane hapo, mimi sina shida. Ninachokataa ni hali ya sasa ambayo mnyonge ndiye anayesimamishwa mkutanoni kuthibitisha umaskini wake mbele ya kijiji kizima, na mkubwa analindwa na kauli ya "siri za biashara". Ukifanya biashara na fedha za umma, kiasi ulicholipwa na umma hakiwezi kuwa siri yako.

Kuna msikilizaji wa Bunju anasema, mzee, hayo ya kijijini, huku kwetu watu hawajuani. Kweli. Hapa nakubali rai yangu ina tundu. Chukua Mabwepande. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia huko watu wa Bonde la Msimbazi na kuwapa viwanja. Tangu hapo wamemiminika wengine kutoka kila upande wa jiji. Jirani wa leo jana hukumjua. Ukisoma majina kwenye mkutano wa mtaa, nani atainua mkono kusema huyu hana shamba? Tumeliona hili kwenye mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo vikundi vingi huiombea ufugaji wa kuku na bustani. Aprili 2023 serikali iliisimamisha nchi nzima baada ya ukaguzi kuonyesha marejesho mabovu na vikundi visivyokuwepo. Ilirudi 2024 kwa utaratibu mpya. Mjini kikundi hewa kinaishi muda mrefu kwa sababu hiyo tu: hakuna anayewajua wanakikundi wenyewe.

Na wakulima wapo Kinondoni, usidanganyike na maghorofa. Kando ya Mto Mpiji, mabondeni Bunju, Boko na Tegeta, wanaume na akina mama wanalima mchicha, matembele na bamia tunazokula. Wengi wanalima kwenye kiwanja cha mtu anayesubiri kujenga. Sasa niambie, kwenye daftari la ruzuku anaandikwa nani, mwenye hati ya kiwanja au mwenye ndoo ya kumwagilia? Mmoja ana karatasi, mwingine ana magaga miguuni. Kwa mtazamo wangu ruzuku ni ya anayelima, na mtendaji wa mtaa anayepokea hati bila kukanyaga bondeni ameshakosea kabla hata kalamu haijaandika. Pale bondeni wanajuana vizuri sana, mtaro kwa mtaro. Basi kwa mjini orodha isomwe kule kunakolimwa, si ofisini. Msasani tuna mtaa unaitwa Bonde la Mpunga, ila siku hizi ni nyumba tu. Kompyuta ikiletewa mkulima wa mpunga wa hekta mbili kutoka huko, itampa namba na kumpongeza. Muuza kahawa wa pale kijiweni atacheka mpaka aangushe birika.

Upande wa pili wa shilingi ni sisi wenyewe. Dar es Salaam imejaa wakulima wa simu. Mtu anakaa Mbezi Beach, shamba liko Mkuranga, Handeni au Kilombero, kijana wa shamba anapigiwa kila Jumamosi. Hakuna kosa, na wengine wanalima kwa bidii kuliko wanaoishi huko. Lakini kama una ekari thelathini Kilombero na umelima tano, halafu umeandikisha thelathini, mtu wa kukubaini ni yule jirani yako wa shambani ambaye hata jina lake la ukoo hulijui. Ndiyo maana jina lako lisomwe kule, wewe ukiwa huku umekaa kwenye foleni ya Mwenge. Ukisikia uchungu kusomwa, rudisha ekari ishirini na tano.

Nimeambiwa na mtu mmoja wa serikalini, mstaarabu kabisa, kwamba kutangaza majina kutaleta ugomvi vijijini. Nikamwambia ugomvi upo. Upo kilabuni, upo kisimani, upo msibani, watu wanasemana kwamba mwenyekiti kachukua mifuko kumi. Huenda kachukua miwili. Ubao ungemtetea. Kiongozi safi ndiye anayeumia zaidi na usiri, maana hana pa kuonyeshea usafi wake.

Sheria haitukatazi. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mwananchi haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anampelekea Rais ripoti mwisho wa Machi, Aprili inaingia bungeni. Ripoti hiyo inatuambia kasoro ni ngapi na za shilingi ngapi. Orodha ya wapokeaji haimo, na si kazi yake. Mwaka 2011 tulijiunga na ule ushirika wa mataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, mwaka 2017 tukajitoa. Nilisikitika, lakini sikulia sana. Ushirika ule ulikuwa wa mikutano mikubwa ya kimataifa, na ubao wa matangazo wa Mabwepande hauhitaji azimio la mkutano wowote nje ya nchi. Unahitaji misumari minne na mtendaji asiyeuficha ufunguo.

Basi mwenye nafasi aandike barua. Iwe ya mkono, haina shida. Andika kwa halmashauri ya mahali shamba lako lilipo, au kwa TFRA kama unataka habari za makampuni. Usiombe "taarifa zote za ruzuku", watakujibu kwa ukurasa wa maneno matamu. Omba vitu vitatu tu: idadi ya mifuko ya ruzuku iliyouzwa kwenye kata fulani msimu uliopita, mawakala walioiuza na kila mmoja aliuza mingapi, na malipo yaliyofanywa kwa kila kampuni kwa mifuko hiyo. Weka jina lako na anwani, maana sheria inampa haki hiyo raia anayejitambulisha. Kaa na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Sheria inawapa siku thelathini za kujibu. Ukiipeleka mwezi wa nane, jibu linatakiwa liwe mkononi mwako kabla mkulima wa Songea hajapanda, na daftari la msimu mpya bado linaweza kusahihishwa.